Wakorofi Tisa Wanaogombania Nyuzi Moja: Awamu Katika Redio ya Kugeuza Moja kwa Moja

Redio ya kugeuza moja kwa moja haina mambo mengi. Wimbi linaingia kwenye antena, linakutana na wimbi la osileta ndani ya mikisa, sakiti ya kuchanganya mawimbi, na hapohapo linatoka likiwa sauti. Hakuna masafa ya kati wala msururu wa vichujio vya kristali, vile vitu ambavyo supaheterodini ya Edwin Armstrong imetuzoesha tangu 1918. Mwaka 1968 Wes Hayward na Dick Bingham waliandika kwenye jarida la QST la Marekani wakaiita njia iliyopuuzwa, na tangu hapo wanaredio wa ridhaa hawajaacha kuilehemu mezani. Nami ni mmoja wa wanaoipenda, na sioni haya kusema.

Shida yake ni moja: inasikiliza pande mbili kwa pamoja. Weka osileta kwenye megahezi 7.100. Kituo kilichoko kilohezi 1 juu yake kitasikika kama mluzi wa kilohezi 1. Kituo kilichoko kilohezi 1 chini yake kitasikika hivyohivyo, mluzi uleule. Mikisa haijui nani alitoka juu na nani alitoka chini. Unamsikiliza mtu wako vizuri, na mtu usiyemjua anakohoa katikati ya maneno yake.

Dawa ni ya zamani. Ralph Hartley, mhandisi Mmarekani, alipata hataza mwaka 1928 ya kutengeneza bendi moja ya pembeni kwa kupanga awamu, na hila hiyohiyo inafanya kazi upande wa kupokea. Unatumia mikisa mbili. Ya kwanza unaipa wimbi la osileta kama lilivyo. Ya pili unaipa wimbi hilohilo likiwa limechelewa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Zinatoka sauti mbili, ambazo mafundi wanaziita I na Q. Moja unaigeuza nyuzi 90 nyingine ikiwa tayari ni sauti, kisha unazijumlisha. Upande unaoutaka unaongezeka maradufu. Upande usioutaka unakutana na nakala yake iliyopinduliwa, nao unajifuta.

Ni mchezo wa kuvuta kamba. Kitambaa cha katikati hakisogei kwa masharti mawili: timu zivute kwa nguvu sawa, na zivute kuelekea pande zinazopingana kabisa. Timu moja ikikaa pembeni kidogo tu, kitambaa kinaondoka.

Sasa tazama bei ya huko "pembeni kidogo". Nguvu zikiwa sawa kabisa lakini awamu imekosea nyuzi 10, upande usiotakiwa unashuka desibeli 21 basi. Kosa la nyuzi 5 linakupa desibeli 27. Nyuzi 1, desibeli 41, yaani volti ya mvamizi imebaki chini kidogo ya sehemu moja ya mia. Ukitaka desibeli 61, kosa lisizidi sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kwa redio ya kujenga nyumbani lengo zuri ni desibeli 40, kwa hiyo bajeti yote ni nyuzi moja na chenji kidogo. Hiyo nyuzi moja ndiyo inayogombaniwa na wakorofi tisa wafuatao. Tunaanza na mwenye jina kubwa na madhara madogo, tunashuka hadi kwa bosi wao.

9. Waya mrefu

Huyu ndiye wa kwanza kushtakiwa mafundi wakikutana, na mara nyingi anashtakiwa bure. "Njia ya Q ni ndefu kuliko ya I!" Haya, tupige hesabu. Kwenye megahezi 7 mzunguko mmoja unachukua nanosekunde 143, kwa hiyo nyuzi moja ni nanosekunde 0.4. Kwenye bodi ya kawaida wimbi linasafiri takriban sentimita 15 kwa kila nanosekunde. Ili waya umeze nyuzi moja nzima, lazima njia mbili zipishane kwa sentimita 6. Ndugu yangu, sentimita 6 si kosa la kupima, hiyo ni safari!

Ukipanda masafa ndipo anapoanza kuheshimika. Megahezi 28, nyuzi moja ni sentimita moja na nusu. Gigahezi 2.4, masafa ya Wi-Fi, ni chini ya sehemu mbili za kumi za milimita. Ndiyo maana huko I na Q huzaliwa, hulelewa na kuunganishwa ndani ya chipu moja, na bado chipu hiyo inajisahihisha kwa programu. Sisi wa megahezi 7 tumuachie huru, akalale.

8. R na C kwenye osileta

Njia rahisi ya kupata nyuzi 90 ni kuligawa wimbi la osileta mara mbili: tawi moja lipitie rezista kisha kapasita kwenda ardhi, jingine lipitie kapasita kisha rezista kwenda ardhi. Wengi wanaamini sakiti hii inatoa nyuzi 90 kwenye masafa mamoja tu. Mnaisingizia. Tofauti ya awamu kati ya matawi hayo mawili ni nyuzi 90 kwenye masafa yote; kinachobadilika ni ukubwa, na ukubwa unalingana mahali pamoja tu. Ukiilenga megahezi 7.1, basi kwenye ncha za bendi, 7.0 na 7.2, matawi yanapishana kwa asilimia 1.4, na hapo peke yake unabaki na desibeli 43. Sisi wa Afrika Mashariki tumo Kanda ya 1 ya ITU na bendi yetu ya mita 40, yaani hii ya megahezi 7, inaishia hapohapo 7.2, kwa hiyo inatutosha.

Ukorofi wake uko kwingine. Kwa rezista ya ohmu 50, kapasita inayohitajika ni karibu pikofaradi 450. Mikisa zenyewe zina pikofaradi zake za mlangoni. Moja ikizidi mwenzake kwa 10 tu, umeongeza zaidi ya asilimia 2 upande mmoja bila kugusa kitu, na nusu nyuzi imeondoka na zaidi. Pikofaradi 10 hazionekani kwa macho, hazikuandikwa kwenye mchoro, na zinakula kuliko mgeni aliyealikwa.

7. Saa isiyogawanya nusu kwa nusu

Wenye busara wanaacha R na C, wanatumia flipu-flopu. Lakini kuna njia mbili, na moja ni mtego. Ya kwanza: chukua saa yenye masafa mara mbili ya unayotaka, I ipinduke saa inapopanda, Q ipinduke inaposhuka. Inapendeza, tena inaokoa vipuri. Sharti lake ni kwamba muda wa juu na muda wa chini wa saa viwe sawa kabisa. Ikikaa juu asilimia 51 badala ya 50, awamu yako ni nyuzi 91.8. Desibeli 36, na bajeti imekwisha kabla hata hatujafika kwenye sauti. Asilimia moja!

Ya pili ni kutumia saa ya mara nne: megahezi 28.4 kwa ajili ya 7.1, na flipu-flopu mbili za chipu moja ya 74AC74 zikizunguka kama pete. Hapa kila kitu kinapinduka saa inapopanda, na inavyoshuka hakuna anayejali. Kinachobaki ni tofauti ndogo ya uchelewaji kati ya nusu mbili za chipu ileile. Kumbuka tu kwamba nanosekunde 0.4 ni nyuzi moja, kwa hiyo hizo mbili zitoke kwenye ganda moja, zisitoke chipu mbili za viwanda viwili.

Dan Tayloe alipewa hataza mwaka 2001 ya swichi inayozungusha wimbi la antena kwenye kapasita nne, nyuzi 0, 90, 180 na 270, na swichi hiyo inaongozwa vizuri sana na pete ya namna hii. Siku hizi kuna pia Si5351, chipu ndogo ya saa inayoweza kutoa mawimbi mawili yaliyopishana nyuzi 90 bila flipu-flopu yoyote. Hans Summers ameitumia hivyo kwenye QCX, redio ndogo ya Morse ya kujiundia iliyotoka 2017. Kwa upande wa osileta, kazi hii imekwisha. Ukisikia mtu anakesha na osileta yake leo, mpelekee chai, halafu umwonyeshe namba 4.

6. Chujio lenye haraka

Kila mtu anataka sauti safi, basi anaweka chujio kali la kilohezi 3 mara tu baada ya kila mikisa. Machujio mawili, I lake, Q lake. Sasa chujio likikaribia kona yake linazungusha awamu kwa kasi, na hayo mawili hayakuzaliwa mapacha. Hata lile jepesi kabisa, rezista moja na kapasita moja, likipishana na mwenzake kwa asilimia 5 linakula nyuzi 1.4 kwenye kona. La koili tatu na kapasita nne sina haja ya kukupigia hesabu yake, utalia.

Rick Campbell alionyesha mpangilio mzuri kwenye R2 yake, iliyochapishwa kwenye QST Januari 1993: chujio kali liwekwe baada ya kujumlisha. Ukishajumlisha, I na Q zimekwisha kuwa kitu kimoja, na hapo chujio lizungushe awamu litakavyo, hakuna wa kupishana naye. Kabla ya jumla weka kizuizi laini tu, chenye kona mbali sana juu ya sauti. Gharama yake ni kwamba amplifaya za mwanzo zinapokea vituo vyote vya jirani vikiwa na nguvu zao, kwa hiyo zipewe volti ya kutosha zisikatike vichwa.

5. Binamu yake awamu, yaani ukubwa

Simwachi nje, maana kamba ina masharti mawili. Tofauti ya asilimia 1 kati ya I na Q inakuachia desibeli 46. Tofauti ya desibeli 1 inakuachia 25. Weka trima moja ya kusawazisha ukubwa, ya mizunguko mingi, na uiguse kwa bisibisi ya plastiki. Mwenye awamu safi na ukubwa mbovu amepiga pasi upande mmoja wa shati.

4. Kapasita za kuunganisha

Hapa ndipo tunapoingia kwa watu wanyamavu. Kati ya amplifaya na amplifaya kuna kapasita ya kuzuia umeme wa moja kwa moja. Hakuna anayeifikiria. Ipo kwenye kila mchoro, imeandikwa 0.1, fundi anachovya mkono kwenye kopo anaiweka.

Tuitazame kwa karibu. Mikrofaradi 0.1 ikitazamana na kilohmu 10 ina kona kwenye hezi 159. Sauti ya hezi 300 ikipita hapo inageuzwa nyuzi 28. Hakuna ubaya, mradi upande wa pili nao unageuza nyuzi 28. Lakini mwenzake, aliyetoka kopo lilelile, amezidi kwa asilimia 10, na asilimia 10 ndiyo iliyoandikwa kwenye mfuko kuwa ni halali. Yeye anageuza nyuzi 25.8. Tofauti ni nyuzi 2.2, upande usiotakiwa umeshuka desibeli 34 tu, na ni kapasita moja dhidi ya moja. Kwenye kilohezi 1 hao wawili wanapishana kwa nyuzi 0.8, wanakaribia kusameheka. Kwa hiyo dalili yake haifichiki: mvamizi mwenye sauti nzito anapenya, mwenye sauti nyembamba anazimika. Ukikaa unasikia besi ya mtu na huelewi neno lake hata moja, umempata mkorofi.

Dawa hapa ni tamu, kwa sababu haihitaji usahihi, inahitaji ukubwa. Weka mikrofaradi 1 mahali pa 0.1, ileile tofauti ya asilimia 10, na kosa kwenye hezi 300 linashuka hadi nyuzi 0.28. Weka 10, hata zile za elektroliti ambazo hupishana kwa asilimia 20, na kosa ni kama sehemu tano za mia za nyuzi. Kona ikisogea mbali, mabishano ya mapacha hayasikiki. Napenda sana suluhisho la namna hii, la shilingi chache, lisilohitaji kipimo wala maombi.

3. Kadi ya sauti ya kompyuta

Gerald Youngblood alipoandika kwenye jarida la QEX mwaka 2002 kuhusu redio ya programu kwa watu wote, alituonyesha kwamba I na Q zinaweza kuingia kwenye kompyuta kwa mlango wa stirio, kushoto na kulia, na kompyuta ikafanya yaliyobaki. Kazi ikawa rahisi kweli. Kisha watu wakagundua kwamba baadhi ya kadi hazisomi kushoto na kulia kwa wakati mmoja: zinasoma kushoto, zinavuta pumzi, ndipo zinasoma kulia.

Pumzi hiyo ni sampuli moja. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ni mikrosekunde 20.8. Kwenye sauti ya kilohezi 1 ni nyuzi 7.5, desibeli chini ya 24. Kwenye kilohezi 10 ni nyuzi 75, na hapo hata jina la kufuta upande lisitajwe. Ukitazama skrini, kivuli cha kituo kilicho karibu na katikati ni hafifu, na kivuli cha kilicho mbali ni kizito kama kituo chenyewe. Tiba ni kuichelewesha njia nyingine kwa sampuli moja ndani ya programu. Mstari mmoja wa programu, na mtu aliyekuwa karibu kuuza redio anaanza kuitangazia majirani.

2. Jicho linaloridhika mapema

Wa pili kwa ukorofi hauzwi dukani. Ni namna tunavyopima.

Unachukua osiloskopu, I kwenye X, Q kwenye Y, unapata duara. Duara zuri! Unapiga picha, unawatumia wenzako. Lakini duara lenye kosa la nyuzi moja ni yai ambalo upande mrefu umezidi ule mfupi kwa chini ya asilimia 2. Mstari wa osiloskopu wenyewe ni mnene kuliko hiyo. Jicho linaona duara kwenye nyuzi 1, linaona duara kwenye nyuzi 2, na kwenye nyuzi 3 bado linakupongeza. Kwa kazi ya desibeli 25 jicho linatosha. Kwa 40, lipumzishwe.

Pima kile unachokitaka chenyewe. Chukua osileta ya kristali, iweke ndani ya kopo la bati lililofungwa, ipunguze nguvu hadi iwe kituo cha kawaida, uiingize mahali pa antena. Sogeza redio hadi usikie mluzi wa kilohezi 1 upande unaotakiwa. Soma volti ya sauti. Sasa vuka upande wa pili hadi mluzi urudi kilohezi 1 tena, usome. Uwiano wa namba hizo mbili ndio ukweli wote, hauhitaji duara. Kisha kaa upande usiotakiwa na uzungushe trima ya ukubwa hadi mluzi uwe mdogo kuliko wote, nenda kwenye trima ya awamu, rudi kwenye ya ukubwa, rudi kwenye ya awamu. Ukizungusha moja tu utafika kwenye sakafu iliyowekwa na nyingine na utadhani ndio mwisho wa dunia. Na sikio, kwenye kutafuta ule ukimya, ni chombo kizuri kuliko mita nyingi. Hapo nalisifu kwa moyo wote.

Usiishie kilohezi 1. Wengi huishia hapo, redio yao inakuwa bingwa wa kilohezi 1. Rudia kwenye hezi 300, 500, 2000 na 3000, uziandike, kwa sababu namba hizo zinataja mkorofi kwa jina. Kosa likiwa lilelile kila mahali, nenda kwenye osileta, namba 7 au 8. Likiwa kubwa kwenye sauti nzito na dogo kwenye nyembamba, kapasita za kuunganisha. Likikua kadiri sauti inavyopanda, tazama machujio, au kadi ya sauti. Na likipanda na kushuka, likipanda na kushuka tena, basi umefika kwa bosi.

1. Bosi: kugeuza sauti nyuzi 90

Linganisha kazi mbili. Osileta inatakiwa kushika nyuzi 90 kuanzia megahezi 7.0 hadi 7.2, upana usiofika asilimia 3. Sauti ya mtu inaanza hezi 300 hadi 3000, mara kumi. Kote huko, kwenye kila herufi anayotamka, I na Q zipishane nyuzi 90 na zisibadilike ukubwa. Halafu mtu analalamika kuhusu osileta! Osileta ina kazi ya mlinzi wa mlango mmoja. Huyu analinda mji.

Hakuna rezista na kapasita moja inayoweza kufanya hivyo. Ujanja, ambao Robert Dome aliueleza mwaka 1946 na Don Norgaard wa General Electric akawaletea wanaredio wa ridhaa kupitia QST mwaka 1948, ni kukubali kwamba hakuna njia itakayobaki nyuzi sifuri. Acha zote mbili zigeuke kadiri sauti inavyopanda, zigeuke sana, ila zikimbie pamoja, moja ikiwa nyuzi 90 nyuma ya mwenzake daima. Siku hizi tunalifanya hilo kwa hatua za opampu zinazopitisha masafa yote bila kupunguza: opampu moja, rezista mbili zinazolingana, na kisha rezista moja na kapasita moja zinazoamua kona. Hatua tatu upande wa I, tatu upande wa Q, kona zake sita zimepishana kwa mpango. Kwenye karatasi sakiti hii ni nzuri mno.

Mezani inategemea kapasita sita. Hatua moja ya namna hii, kwenye kona yake, ikikosea asilimia 1 kwenye rezista au kapasita inakosea nyuzi 0.57. Asilimia 5, nyuzi 2.9. Asilimia 10, nyuzi 5.7, na kapasita moja hiyo imekuangusha hadi desibeli 26. Tazama ulichokwisha kukifanya hadi hapa: umeweka pete ya 74AC74, umehamisha machujio, umeongeza kapasita za kuunganisha, umepima kwa kopo la bati. Kisha unaitia yote mikononi mwa kapasita ya asilimia 10? Hapana, hapana.

Rezista si tatizo, za asilimia 1 zimejaa madukani na bei yake ni ndogo. Kapasita ndizo zinazohitaji uchumba. Kwanza aina: epuka seramiki za kawaida, kwa sababu thamani yake inahama kwa joto na hata kwa volti, chukua C0G, polipropilini au polistirini. Michoro mingi hutumia kapasita zote sita za thamani moja na kuacha rezista ndizo zitofautiane, na hiyo ni zawadi ambayo haisemwi vya kutosha. Nunua mfuko mmoja wa nanofaradi 10, zaidi sana ya sita, kaa chini na mita inayopima kapasita, uzipange kwa thamani. Usizishike muda mrefu kwa vidole, maana joto la mkono linasogeza namba. Halafu chagua sita zinazokaribiana kuliko zote.

Mita yako ni ya bei rahisi na hujui kama inasema kweli? Haidhuru, na hapa ndipo uzuri ulipo. Kapasita zote sita zikizidi kwa asilimia 2 kwa pamoja, kona zote sita zinashuka kwa asilimia 2 kwa pamoja. Mpangilio wote unahama kidogo kuelekea sauti nzito, lakini nyuzi 90 kati ya I na Q zinabaki palepale. Mita iongope, mradi iongope sawasawa kwa wote. Zikikaribiana ndani ya asilimia 0.2, kila hatua inakosea karibu sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na bajeti yako imebakiwa na nafasi ya kuwasamehe wengine.

Wapo waliomkimbia bosi huyu kwa heshima. Donald Weaver alichapisha mwaka 1956 njia ya tatu, inayoondoa kabisa kigeuza sauti na kuweka jozi ya pili ya mikisa katikati ya bendi ya sauti. Ikikosea, kivuli kinachobaki ni cha kituo chako mwenyewe kilichopinduliwa, si cha jirani. Mwaka 1973 Gingell alieleza mtandao wa awamu nyingi, safu kwa safu za rezista na kapasita, ambao unavumilia vipuri vyenye kasoro kwa sababu kosa la safu moja linafunikwa na nyingine. Na anayefanya hesabu ndani ya kompyuta hana kapasita za kupanga hapa: namba haina asilimia 10. Yeye bado anadaiwa na namba 3, 4, 5 na 7, kwa hiyo asitucheke sana.

Mimi bado nampenda anayekaa na mfuko wa kapasita. Sita zikishapatikana zilehemu kwa haraka, joto lisikae, ziache zipoe ndipo upime upande usiotakiwa kuanzia hezi 300 kwenda juu. Na zile zilizokataliwa usizitupe, hazina kosa lolote. Ziweke kwenye mistari ya umeme ya opampu hizohizo, moja kwa kila chipu, kazi ambayo hakuna atakayeziuliza nyuzi.